Mwanamke Aliyezima Injini Tisa

Simjui mtu mwenye hasira kama yule mama, na simjui dereva mwenye mguu mpole kama wake. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mwili mmoja mfupi, ulioshiba, na mtu aliyemwona akigombana asubuhi halafu akapanda naye lori mchana alidhani amekutana na mapacha.

Mimi ni fundi wa magari. Nimefanya naye kazi miaka saba kwenye kinu cha unga kilichokuwa na malori kumi ya kusambaza magunia madukani. Alikuwa dereva mwanamke peke yake pale, na wenzake walimpa jina la Konokono. Hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Wao gari likitoka getini walipenda lilie, watu wageuke. Yeye alilitoa kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Akiona foleni kule mbele, mguu ulikuwa umeshatoka kwenye mafuta zamani, lori linajiendea ndani ya gia, na mara nyingi likifika pale foleni imeanza kusogea, breki hata hakuigusa. Gia alipandisha mapema. Mlima aliusoma akiwa bado bondeni. Kila Jumatatu alipima upepo wa matairi yote sita kwa kipimo chake mwenyewe, na muda wote huo alikuwa anagomba. Aligombana na tairi, aligombana na barabara, kisha akanigeukia mimi.

"Fundi, chujio hili la hewa limeziba kama pua ya mwenye mafua. Unataka lori lipumulie wapi, masikioni?"

Siku aliyokabidhiwa lori lake alishusha minyororo yenye kutu, jeki mbili zilizokufa na chuma kirefu ambacho hakuna aliyekumbuka ni cha nini. Aliyemtangulia alikuwa amevizungusha mjini miaka mitatu. "Nimeajiriwa kubeba unga," alisema akivirusha chini, "sikuajiriwa kubeba mizoga."

Ukuta wa nyuma wa yadi yetu ulipakana na shule ya chekechea. Kila asubuhi, mnamo saa moja kasoro, madereva waliwasha malori, wakayaacha yanaunguruma, wakaenda kunywa chai kibandani. Nusu saa hivi, siku nyingine saa nzima. Malori tisa, maana la kwake lilikuwa limezimwa. Moshi ulipanda, ukauegemea ukuta, ukaangukia upande wa pili. Mwalimu wa chekechea alikuja kulalamika mara mbili, akashauriwa apande miti. Mara ya tatu alikuja na kitambaa cheupe alichofutia meza za watoto asubuhi ileile. Kilikuwa cheusi kama kimefutia tako la sufuria.

"Kaka zangu," akasema, "hiki ndicho wanachovuta. Nina watoto wanne wanakohoa tangu mwezi uliopita. Madirisha niyafunge mpaka lini?"

Dereva mmoja tuliyemwita Mshale, mrefu, mcheshi, kipenzi cha yadi nzima, akakinusa kile kitambaa. "Mwalimu, hii ni harufu ya kazi. Wazoee mapema, watakuja kuajiriwa hapa."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sitadanganya.

Konokono alikuwa amechutama kwenye tairi la mbele. Akasimama. Hakusema neno, na hapo tungepaswa kujua mambo yameharibika, kwa kuwa hasira zake za kila siku zilikuwa na maneno mengi. Akapanda lori la kwanza, akazima, akachomoa ufunguo. Akapanda la pili. La tatu. Alipofika la sita watu walishaweka vikombe chini, wanamkimbilia. Alipozima la tisa, ukashuka ukimya ambao sikuwahi kuusikia pale kwa saa ile. Tuliwasikia watoto upande wa pili wakiimba kuhesabu hadi ishirini, wakikosea kumi na saba.

"Rudisha funguo, bibi," Mshale akasema. Tabasamu lilikuwa limeyeyuka.

Konokono akapigapiga mfuko wa koti. "Njoo uzichukue."

"Dizeli huwezi kuwasha ukaondoka hapohapo. Injini lazima ipate moto. Muulize fundi."

Akanigeukia. "Haya, Fundi. Waambie. Inahitaji muda gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Dakika mbili tatu, breki zijae upepo, kisha lori litoke taratibu lipatie joto njiani. Injini inayounguruma pale pale haipati joto la maana. Inakula mafuta, inajijaza masizi, na inatema uchafu kuliko ikiwa kazini. Nilifundishwa hayo mwaka wangu wa kwanza wa ufundi. Lakini wale waliokuwa wamenizunguka ndio niliokunywa nao chai kila siku.

"Inategemea," nikasema.

Aliniangalia kama mtu aliyefunua chungu akakuta panya. "Inategemea," akarudia. "Inategemea uoga wa fundi." Akazimwaga zile funguo juu ya mchanga, akaenda kumshika mwalimu mkono, akamsindikiza hadi getini.

Kesi ikafika kwa meneja kabla ya saa tatu. Meneja alikuwa kijana, mtoto wa mwenye kinu, mtu wa shati lililopigwa pasi na kompyuta iliyofunguliwa muda wote. Aliniita na mimi niwe shahidi. Nilidhani tutaulizwa habari ya moshi. Badala yake akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwa Konokono.

"Mama, nimekuwa nataka kukuita siku nyingi. Lori lako linatumia mafuta robo pungufu kuliko wenzako. Miezi kumi na minne mfululizo. Nieleze."

"Naendesha vizuri."

"Wote wanaendesha vizuri. Mimi nadhani kuna maduka huyafikii. Lori lisilotembea halinywi."

Mishipa ya shingo ikamsimama. Nilisogeza kiti changu nyuma, kwa sababu nilidhani meza inapinduliwa.

"Mwanangu," akasema, kisha akajirudi, "samahani, bosi. Kuna watu tisa hapa wanamwaga dizeli kama maji ya kuoshea miguu. Hao hujawaita hata siku moja. Anayebana ndiye mwizi?"

"Sijasema mwizi."

"Umesema kwa kuzunguka, na mimi nimefika. Panda gari. Leo upande na Mshale, kesho upande na mimi. Lori lilelile, magunia yaleyale, maduka yaleyale. Fundi ajaze tangi mpaka juu kabla na baada. Ukiona nimeruka duka hata moja, nifukuze mbele ya wote."

Meneja hakuwa mtu wa kukataa changamoto. Alikubali, nadhani kwa kutaka kuona mwisho wa yule mama.

Siku ya kwanza Mshale aliondoka kwa kishindo. Walirudi meneja ameshikilia kishikio cha mlango, midomo imekauka, shati limetoka kiunoni. Mshale alikuwa amempita kila aliyekuwa mbele yake, amefunga breki kwenye kila tuta, amefukuzia kila pengo. Nilijaza tangi, likameza lita thelathini na moja. Siku ya pili alikwenda Konokono. Walirudi wamechelewa dakika sita tu kuliko siku ya kwanza. Nilipofungua mlango wa abiria, meneja alikuwa amelala, mdomo wazi. Lita ishirini na tatu.

"Maduka mangapi?" Konokono akamuuliza alipozinduka.

"Yote," meneja akajibu, anajifuta mate.

Siku ile nilidhani hadithi imeisha, na imeisha vizuri. Konokono mwenyewe aliingoja samahani wiki nzima. Haikuja. Jumatatu likabandikwa tangazo kwenye ubao: kuanzia sasa kila lori litapewa mafuta kwa kipimo cha lori la Konokono. Aliloweza mmoja, wote wanaliweza. Basi. Hakuna aliyeulizwa kipimo kile kilipatikanaje. Hakuna tairi jipya, hakuna chujio jipya, na saa za kufika madukani zilibaki zilezile za kukimbizana. Meneja akaalikwa kwenye mkutano wa wenye vinu wenzake kueleza mkakati wake wa kupunguza moshi na mafuta. Mkakati wake!

Konokono alilisoma tangazo lile, akalisoma tena, kisha akapanda ngazi za ofisi mbili mbili. Sauti yake tuliisikia sote yadini. "Umechukua namba ukaiacha kazi! Hawa watu hawajafundishwa! Utawaua!" Meneja alikuwa na simu sikioni. Alimwonyesha kiganja, asubiri. Alisubiri dakika ishirini amesimama, na simu haikuisha.

Chini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwa madereva, yeye ndiye aliyewakatia mafuta. Hakuna aliyemsalimia. Asubuhi moja alikuta kishikio cha mlango wake kimepakwa grisi, akateleza kutoka kwenye kikanyagio, akaanguka kwa magoti. Alijifuta bila kulia na bila kugomba.

Mchana ule nilimfuata akiwa amekaa kwenye ukingo wa shimo langu la kufanyia kazi, nikamwomba radhi kwa lile neno la "inategemea". Hakuniambia amenisamehe. Aliniuliza kama najua alikotoka.

Kabla ya kinu alikuwa ameliendesha gari la wagonjwa la zahanati ya mbali miaka kumi na moja. Mafuta yalikuja kwa kipimo, na njia ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa ndefu. Siku moja, adhuhuri, aliletewa mama mjamzito ambaye uchungu umekwama. Tangi lilikuwa chini. Asubuhi ile dereva mwenzake alikuwa amemkalisha mgeni wa wilayani ndani ya gari, injini inawaka saa mbili na nusu ili mheshimiwa apate ubaridi wakati mkutano haujaanza. Konokono hakuiangalia geji. Alisikia mama wa watu analia, akakanyaga mpaka sakafuni, akakimbia, akafunga breki, akakimbia tena. Gari likaishiwa mafuta, likazimika kilomita nane kabla ya hospitali.

"Mama alipona," akasema. "Mtoto hakupona. Na hesabu niliipiga baadaye, Fundi, niliipiga mara mia. Ningeendesha kama ninavyoendesha leo, ningefika. Yule angezima gari, ningefika. Kosa lilikuwa la watu wawili, na mmoja ni mimi. Sasa nikisikia injini inanguruma bure na watu wanakunywa chai, unataka nitabasamu?"

Nilikwenda kuyasafisha machujio ya malori yote tisa bila kutumwa. Hayo ndiyo niliyoyaweza, na hayakutosha.

Wiki ya tatu ya lile tangazo, Mshale alikuwa anateremka kuelekea darajani na magunia mia na ishirini. Tangi lake lilikuwa linakaribia kwisha, na bado maduka mawili. Akaona mteremko mrefu, akaona mafuta ya bure. Akatoa gia, akazima injini, akaliacha lori lijiendee.

Usukani wa lori lile ukizima injini unakuwa mzito kama kusukuma ukuta. Breki nazo zinaishiwa upepo kila ukikanyaga, na hakuna kinachoujaza tena. Alipofika kwenye kona alikuwa ameshakanyaga mara nyingi mno. Lori likatoka barabarani, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Kwa bahati hapakuwa na mpita njia. Nilikwenda mimi kulivuta. Nilimkuta kila mtu mweupe kwa unga, waokoaji na wapiga soga, na ndani ya kibanda cha dereva gia iko huru na ufunguo umegeuzwa kuzima. Mshale walishamkimbiza hospitali, paja limevunjika sehemu mbili.

Konokono alitaka kumwona, nikaenda naye. Wodini tulimkuta mke wa Mshale ameketi kitandani, kamshika mumewe kisigino cha mguu mzima.

"Wewe ndiye Konokono?" mke akauliza. "Wenzako kinuni hawakukupenda, lakini jina lako halikumtoka huyu mdomoni. Kila jioni anasema anatafuta lita zako."

"Sijazipata," Mshale akasema. Uso ulikuwa umevimba, lakini utani haukumtoka.

Na Konokono, mbele ya wagonjwa wote, akafoka. "Nani alikuambia utoe gia kwenye mteremko? Nani? Ukiwa kwenye gia ukaondoa mguu, injini hainywi hata tone! Hainywi! Ungeiacha kwenye gia ungeokoa yaleyale na breki zako zingekuwapo. Umejivunja bure!"

Mshale alitazama dari.

"Hilo sikulijua," akasema polepole. "Hakuna aliyeniambia."

"Ungeniuliza!"

"Ningekuulizaje? Grisi mlangoni mwako niliipaka mimi."

Konokono akamwekea mke wa Mshale maji kwenye kikombe, akatoka. Tulitembea kwa miguu hadi kinuni.

Mbele ya ofisi gari la meneja lilikuwa limeegeshwa, injini inanguruma, vioo vimefungwa, ndani hamna mtu. Meneja alikuwa analipooza kwa kiyoyozi lisubiri safari yake. Konokono akafungua mlango, akazima, akapanda na ufunguo mpaka mezani kwake. Mimi nikamfuata. Nilikuwa nimechoka kuwa mwoga.

"Mama, sasa umevuka mpaka," meneja akasema akiuona ufunguo wake.

"Nimevuka. Kaa chini." Na kijana akakaa. "Tulipanda wote lori lile. Nilipoachia mafuta mapema, uliniuliza kwa nini? Nilipoanza na maduka ya mlimani, uliniuliza? Ulilala! Ukaamka na namba. Namba ile ina tairi ndani yake, ina chujio, ina njia iliyopangwa, ina miaka ya mguu wangu. Umewapa watu namba tupu, umewaacha wavunjike."

"Mshale alifanya kosa la udereva. Kila dereva anajua—"

"Hajui," nikadakia. "Hajui, bosi. Na mimi niliyejua sikusema. Malori manne yana matairi ambayo nisingeyafunga kwenye mkokoteni. Nimeandika, mmeweka faili. Na kule yadini wanaunguruma nusu saa kwa kazi ya dakika tatu."

"Kwa hiyo mnataka nini?"

"Wiki mbili," Konokono akasema. "Nikae na kila dereva, mmoja mmoja, ndani ya lori lake. Matairi na machujio kwanza. Saa za kufika madukani zilegezwe. Mafuta yapewe kama zamani mpaka wajue, halafu yapungue yenyewe. Na injini zizimwe asubuhi. Bila hayo siendeshi."

"Basi usiendeshe."

Akaweka ufunguo wa lori lake mezani, kando ya ule wa meneja. Pale kinuni kumwaga unga, yaani kupoteza kazi, kulikuwa ni mzaha wa kila siku, maana tuliumwaga sakafuni kila siku. Alipoteremka ngazi madereva walikuwa wamesimama chini wote, wamesikia. Hakuna aliyefanya mzaha. Mzee mmoja kati yao, ambaye hakumsalimia wiki tatu, alimpita bila kumtazama, akapanda, akaenda kuweka ufunguo wake juu ya meza ileile. Akafuata mwingine. Mchana ule hakuna gunia lililotoka, na wenye maduka walianza kupiga simu.

Meneja alishikilia hadi kesho yake saa nne, kisha akakubali. Tusimwonee, akikubali jambo alilitimiza. Matairi yalikuja, machujio yalikuja. Konokono akapewa wiki zake mbili, na baadaye kazi ile ikawa yake moja kwa moja.

Si kila kitu kilikwenda kama tulivyoota. Madereva watatu walifikia kipimo chake, wengine walikaribia, mmoja alikataa kata kata akahamia kinu kingine. Moshi wa asubuhi uliondoka. Mwalimu alifungua madirisha. Watoto wawili wakaacha kukohoa, wawili wengine wakaendelea, na Konokono alimwambia awapeleke kwa daktari, asingoje. Mguu wa Mshale haukuweza tena kukanyaga klachi. Walimpa kazi ya kupanga njia za malori ofisini, na kumbe alikuwa na kichwa cha kazi ile, maana alijua kila kona na kila duka. Yeye na Konokono hawakuwa marafiki. Waligombana kila siku juu ya ramani, na njia zikafupika. Meneja naye aliendelea kualikwa kwenye mikutano kueleza mkakati wake. Kila alipoalikwa, Konokono alikuja karakanani kwangu, akafunga mlango, akatukana mpaka akatosheka.

Watu walidhani cheo kitampoza. Juzi nilikaa nyuma ndani ya lori wakati anamfundisha dereva mgeni, bwana mmoja wa makamo aliyejiona anajua yote. Mbele yetu kulikuwa na trekta. Bwana akashusha gia, akakanyaga, lori likalia, moshi mweusi ukafunika vioo vya kando, akampita mwenye trekta kwa honi ndefu.

"Umempita?" Konokono akauliza.

"Nimempita, mama."

"Hongera sana. Sasa simama, duka lenyewe ni hili hapa."